Bayasi ya ampli: upime kwa milivolti, kwa ampea, au kwa osiloskopu?

Ampli iko mezani, kifuniko kimetolewa, na kwenye bodi kuna trima mbili ndogo za kuzungusha kwa bisibisi, moja kwa kila upande. Kuzungusha ni kazi ya sekunde tatu. Kazi yenyewe ni kujua mkondo wa bayasi, ule unaopita hata bila muziki, umefika wapi unapozungusha, na kwa hilo fundi ana njia tatu: kusoma milivolti kwenye rezista ya emita, kuweka mita ya ampea mahali pa fyuzi, au kutazama umbo la wimbi kwenye osiloskopu. Ipo na ya nne, ya kiganja na sikio, ambayo inapendwa sana kwenye mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi kwa sababu haina gharama mpaka siku transista zinapoungua.

Kwa ufupi: kama rezista za emita zipo na unaweza kuzifikia, pima milivolti. Ampea mahali pa fyuzi ni njia ya pili, pale rezista zimefichwa au hazipo. Osiloskopu ni shahidi wa mwisho. Sababu zinafuata, na nyingine zinatokana na umeme wa Lubumbashi wenyewe.

Bayasi ni mkondo mdogo unaopita kwenye transista za kutoa sauti wakati hakuna muziki. Waliosomea vitabu vya Kifaransa wanauita courant de repos. Katika ampli nyingi za nyumbani transista moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine inavuta nusu ya chini. Mkondo huo usipokuwepo, pale katikati zinapopokezana panabaki ufa. Ukifungua sauti mpaka mabati yanatetemeka huusikii. Utausikia saa nne ya usiku, sauti ikiwa chini, gitaa la solo linapotoka na mkwaruzo kama redio iliyokosa stesheni kidogo. Mkondo ukizidi, mkwaruzo unaondoka lakini joto linaingia. Ampli yenye volti 45 juu na 45 chini, ikiwekwa miliampea 118, inakula wati 10.6 kwa kila upande kabla ya wimbo wa kwanza. Kwa miliampea 40 inakula 3.6. Bamba dogo la alumini la kupoza linavumilia ya pili, ya kwanza hapana.

Kwanza hakikisha kuna cha kurekebisha. Ampli zenye chipu moja kama TDA7294 au LM3886 hazina trima ya bayasi, imewekwa ndani. Vivyo hivyo moduli nyingi za STK. Ampli za daraja D, zinazowasha na kuzima transista zake kwa kasi, hazina kabisa. Trima unayoiona kwenye bodi za namna hiyo inafanya kazi nyingine, iache.

Maandalizi ni yale yale kwa njia zote. Bafle (spika) zimechomolewa, sauti sifuri, hakuna waya kwenye viingilio. Mita kwenye volti za DC, pima pale bafle zinapounganishwa kwenye ampli: chini ya milivolti 50 ni sawa. Ikionyesha volti nzima au zaidi, usiguse bayasi, una transista mbovu mahali fulani. Tia alama ya kalamu kwenye bodi palipoelekea ufa wa trima, na ampli ikiwa imezimwa pima ukinzani wake na uandike. Ukipotea utarudi ulipotoka.

Milivolti kwenye rezista ya emita

Transista ina miguu mitatu, emita, besi na kolekta, na kila transista kubwa ya kutoa sauti ina rezista yake kwenye emita. Mara nyingi ni kijitofali cheupe cha kauri kilichosimama karibu na bamba la kupoza, kimeandikwa kitu kama 5W0R22J: wati 5, omu 0.22, na J ikimaanisha inaweza kupotoka asilimia 5. Mkondo wote wa bayasi wa transista hiyo unapita hapo. Unapima volti kwenye miguu yake miwili, unagawa kwa omu, umepata ampea. Milivolti 11 kwenye 0.22 ni miliampea 50. Hakuna unachokata wala unachochomoa, na hata ile mita ya bei ndogo kabisa ya soko la Kenya, ikiwekwa kwenye 200 mV, inaonyesha sehemu ya kumi ya milivolti.

Hatari yake ni moja, lakini ni ya papo hapo. Transista za chuma za umbo la TO-3, zile zenye mwili kama kofia ndogo, mwili wake wote ni kolekta na una volti kamili za umeme wa ndani. Ncha ya mita ikiteleza kutoka mguu wa rezista ikagusa mwili huo na besi kwa pamoja, transista inakufa kabla hujasikia mlio, na mara nyingi inaenda na yule dereva mdogo anayeisukuma. Kwa hiyo usishike ncha kwa mkono. Zima ampli, ngoja kapasita kubwa zitoke umeme, funga vibanio vidogo vyenye meno kwenye miguu ya rezista, halafu ndipo uwashe. Bisibisi iwe ya plastiki au ya kauri.

Ni milivolti ngapi? Kitabu cha fundi cha ampli hiyo kinashinda kila kanuni. Usipokipata, kumbuka kwamba Barney Oliver wa Hewlett-Packard alieleza mwaka 1971 kwa nini ufa unakuwa mdogo zaidi karibu na milivolti 26 kwa kila transista, ukijumlisha na ukinzani mdogo ulio ndani ya transista yenyewe. Milivolti 26 zikiwa zote kwenye rezista ya nje, ni miliampea 118 kwa omu 0.22, 79 kwa 0.33, na 55 kwa 0.47. Kwa sababu sehemu yake imo ndani ya transista, kinachoonekana kwenye rezista kinapaswa kuwa pungufu. Kwa ampli usiyoijua, yenye bamba la kawaida, anzia milivolti 10, na usipite 20 bila sababu. Tofauti ya sauti kati ya 12 na 20 ni ndogo kuliko tofauti ya joto.

Kosa linalorudi kila mara: ampli nyingine zina pini mbili za kupimia zilizounganishwa emita kwa emita, yaani zinavuka rezista mbili kwa mpigo. Kitabu kikisema milivolti 20 hapo, ni 10 kwa kila rezista. Anayepima rezista moja huku akitafuta 20 ameweka mkondo mara mbili, na atashangaa mbona mwezi mmoja baadaye bodi imekuwa ya kahawia.

Kama kuna transista mbili au tatu sambamba, pima kila rezista. Moja kuonyesha 12 na jirani yake 17 ni kawaida. Moja kuonyesha 0 na nyingine 30 maana yake moja imekatika na mwenzake amebeba mzigo wote. Hapo kurekebisha trima ni kuficha ugonjwa. Hili ndilo jambo ambalo mita mahali pa fyuzi haiwezi kukuambia.

Rezista yenyewe pia huzeeka, na mita ya kawaida haiwezi kupima 0.22 kwa sababu waya zake peke yake zina omu 0.2 au 0.3. Ukiishuku, toa mguu wake mmoja kwenye bodi, chukua betri ya volti 12 na balbu ya gari ya wati 10, uziunganishe kwa mfululizo na rezista. Utapata mkondo wa karibu ampea 0.8. Upime kwa mita ya ampea kwenye 10 A, kisha pima volti kwenye rezista na ugawe. Kwa 0.22 utegemee karibu milivolti 180.

Ampea mahali pa fyuzi

Ampli nyingi zina fyuzi mbili za umeme wa ndani kwa kila upande, moja ya volti za juu na moja ya volti za chini. Unatoa moja, unaweka mita ya ampea katikati ya vishikio vyake, unasoma. Kwa bodi ambayo rezista za emita zimefunikwa na bamba, au ile isiyo nazo kabisa, ndiyo njia pekee iliyobaki.

Lakini tazama kinachopita hapo. Mkondo huo umechanganya transista za kutoa sauti, madereva na hatua ya mbele. Madereva na hatua ya mbele peke yake vinaweza kula miliampea 10 hadi 20. Rudisha trima mpaka mwisho wa chini, soma, andika. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kila kinachoongezeka juu yake ni bayasi. Asiyefanya hivyo anaweka 40 akidhani ni 40, kumbe ni 25.

Tatizo la pili ni mita. Kwenye 200 mA, mita za bei ndogo zina fyuzi ndogo ndani, na ampli yoyote inapowashwa, kapasita zilizo baada ya fyuzi za bodi zinavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Fyuzi ya mita inakatika. Ukihamia 10 A haikatiki, ila sasa tarakimu ya mwisho ni miliampea 10, na huwezi kuweka 45 kwa kipimo kinachojua 40 na 50 tu. Zaidi ya hapo, mita nyingi za bei ndogo hazina fyuzi yoyote kwenye tundu la 10 A.

Sasa ongeza delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. SNEL, shirika la umeme la Kongo, inakata katikati ya kazi, inarudi baada ya dakika mbili bila hodi, na mita yako bado iko mahali pa fyuzi na swichi ya ampli imewashwa. Ule mkondo wa kujaza kapasita unapita wote kwenye mita. Vibanio vya milivolti kwenye rezista ya emita vinavumilia jambo hilo bila shida. Mita ya ampea haivumilii. Kwa mji wetu, hii peke yake inatosha kuamua.

Kama huna budi kutumia fyuzi, kuna namna nzuri zaidi: badala ya mita weka rezista ya omu 10, wati 1, kwenye vishikio vya fyuzi zote mbili, na upime volti juu yake. Miliampea 50 inaonekana kama volti 0.5, safi kabisa. Na kukitokea mkondo mkubwa, rezista inaungua badala ya transista. Usicheze muziki ikiwa bado ipo.

Osiloskopu

Njia hii inahitaji vitu vingi: osiloskopu, chanzo cha wimbi la hezi 1,000 (simu yenye programu ya kutoa toni inatosha), na mzigo wa omu 8 badala ya bafle. Unafungua sauti mpaka upate volti 2.83, ambayo ni wati 1 kwenye omu 8, unaongeza bayasi taratibu mpaka kile kijikunjo kinachoonekana wimbi linapovuka sifuri kipotee.

Inapendeza machoni, na ndiyo maana wengi wanaiamini kupita kiasi. Jicho kwenye skrini linaona upotofu wa karibu asilimia 1. Chini ya hapo wimbi linaonekana zuri hata kama sikio bado linalalamika. Kijikunjo kinatoweka kwenye skrini mapema kuliko kwenye sauti. Kompyuta yenye programu ya kuchambua masafa, ikilishwa kupitia rezista mbili za kugawa volti, moja ya kilo-omu 10 na moja ya 1, inaona vizuri zaidi: unatazama masafa ya 3,000, 5,000 na 7,000 yakishuka unapoongeza bayasi, na unasimama yanapoacha kushuka. Lakini hata hapo, milivolti zinabaki zimefungwa kwenye rezista, ili ujue bei ya joto unayolipa.

| Njia | Unachohitaji | Inakosea wapi | Ichague |
|---|---|---|---|
| Milivolti kwenye emita | Mita ya kawaida, vibanio | Ncha kuteleza; pini zinazovuka rezista mbili | Karibu kila mara |
| Ampea kwenye fyuzi | Mita yenye fyuzi nzuri, au rezista ya omu 10 | Inajumlisha madereva. Haivumilii umeme kukatika na kurudi | Rezista za emita zimefichwa |
| Osiloskopu | Vifaa vya gharama, mzigo wa omu 8 | Jicho linaridhika mapema | Kuhakikisha baada ya milivolti |

Kuhusu kiganja: mkono unavumilia bamba la nyuzi 50 kwa sekunde chache. Ukishindwa kulishika baada ya nusu saa bila muziki, bayasi imezidi, isipokuwa ampli ni ya daraja A, ambayo hupata moto hata bila muziki. Huo ni mtihani mzuri wa kugundua hatari, si wa kuweka kipimo.

Joto, na ile transista ndogo

Volti za besi na emita hushuka karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ampli yenye madereva ina viungo vinne vya namna hiyo mfululizo, kwa hiyo joto likipanda nyuzi 20 ni milivolti 160 za kusahihisha. Kazi hiyo inafanywa na transista ndogo iliyofungwa kwenye bamba kwa skrubu na dawa nyeupe ya kupitisha joto: inahisi bamba likipata moto na kupunguza bayasi. Mara nyingi ampli iliyotoka kwa fundi inakutwa na transista hiyo ikining'inia hewani kwa miguu yake, kwa sababu ilitolewa ili kupata nafasi na haikurudishwa. Hapo bayasi inapanda, joto linapanda, bayasi inapanda tena, mpaka mwisho. Angalia hilo kabla ya kugusa trima.

Kutokana na hayo, usiweke kipimo cha mwisho ampli ikiwa baridi. Weka nusu ya thamani, subiri dakika 10, panda mpaka thamani kamili, rudisha kifuniko juu bila kukifunga, subiri dakika 20 zaidi, soma tena na usahihishe. Zungusha kidogo kidogo, ngoja dakika moja kila mara. Na kumbuka majira: ampli iliyowekwa asubuhi ya Julai, mji ukiwa na baridi ya sweta, itakutana na mchana wa Oktoba. Ukirekebisha Julai, baki upande wa chini wa thamani. Vumbi jekundu lililojaza mapezi ya bamba nalo ni blanketi. Lisugue kwa brashi kwanza.

Trima zilizozeeka zinastahili onyo lao. Katika ampli nyingi mguu wa kati wa trima unaenda moja kwa moja kwenye besi ya ile transista ndogo. Mguu huo ukipoteza mgusano hata kwa kitambo, transista inazima na bayasi inapanda mpaka juu kabisa. Trima ikiruka namba unapoizungusha, usiisafishe kwa matumaini. Weka mpya, ikiwezekana ya mizunguko 25, na uanze kutoka chini. Baada ya kubadilisha transista kubwa fanya hivyo hivyo, maana 2SC5200 na 2SA1943 za bandia zimejaa masokoni na hazifanani hata zikitoka pakiti moja. Siku hiyo washa kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na umeme wa ukuta. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka, zima. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, na kipimo cha mwisho hakiwekwi balbu ikiwa bado ipo.

Kama ampli ni ya lampu

Kwa ampli za lampu, zile zenye mirija ya glasi badala ya transista, uchaguzi unabadilika kidogo. Kwa ampli yenye bayasi ya kuweka kwa mkono, njia bora ni rezista ya omu 1 kati ya katodi na chasi: milivolti 1 ni miliampea 1, na unapima karibu na sifuri, mbali na volti 450. Lampu ya EL34 ina kikomo cha wati 25 kwenye anodi; ukiiweka kwenye asilimia 70 ya hapo ni 17.5, na kwa volti 450 hiyo ni miliampea 39. Mkondo wa katodi umebeba pia wa gridi ya skrini iliyo ndani ya lampu, miliampea chache, kwa hiyo usomaji utakuwa juu kidogo ya mkondo wa anodi. Njia mbadala, kupima ukinzani wa nusu ya transfo ya kutoa sauti na kisha volti zinazoshuka juu yake, inatoa mkondo wa anodi peke yake, lakini ncha zote mbili zinakaa kwenye volti 450. Anayeichagua awe na waya za mita zilizoidhinishwa kwa volti hizo, na mkono mmoja mfukoni.

Na lampu zinajali SNEL kuliko transista. Ukiweka bayasi jioni umeme ukiwa volti 185, saa sita usiku ukipanda mpaka 230, volti za anodi nazo zinapanda kwa asilimia 24 hivi. Kwa hiyo pima ukuta kwanza na ufanye kazi pale umeme uko juu kabisa kwa kawaida ya mtaa wako, au weka stabilizata na uipe muda itulie.

Jambo dogo linalosahaulika ni betri ya mita. Betri ya volti 9 ikichoka, mita nyingi za bei ndogo husoma juu kuliko ukweli. Unaona 15 kumbe ni 11. Badilisha kabla ya kuanza. Ukimaliza, bandika karatasi ndani ya kifuniko: kushoto 14.2 mV, kulia 14.6 mV, omu 0.22, chumba nyuzi 24, ukuta volti 214, na tarehe. Atakayefungua ampli hiyo tena miaka mitatu ijayo ataanzia hapo badala ya kubahatisha.